TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: NYAYA ZA MABEMBEA ZISIHAMIE JUU YA MAPAA YETU



Taarifa hii ni ndefu. Asiye na muda asome aya hii tu. Jumapili ijayo mkutano wa mtaa utaombwa uridhie njia ya umeme mkubwa inayopita juu ya bustani ya mabembea ihamishwe, ipitishwe kwenye uchochoro wa Shina Namba 4 na Namba 5, na wananchi "wachangie nguzo". Tawi letu limeombwa litoe tamko la kuunga mkono kabla ya mkutano huo. *Nawaomba mkatae.* Sababu ziko hapa chini. Na kama una tiketi ya bure mfukoni, wewe hasa usiishie hapa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana kwenye kundi letu naona watu wanabishana kuhusu nyaya bila kuziangalia.

Pale kwenye mabembea kuna njia mbili za umeme. Ya chini ni ile ya kawaida inayoleta umeme majumbani, volti 230. Ya juu ni nyaya tatu kwenye nguzo ndefu, kilovolti 33, yaani volti 33,000. Gawanya mwenyewe: ni mara 143 ya umeme wa nyumbani kwako. Na nyaya hizo hazijavaa kitu. Ndugu mmoja aliandika humu kwamba zina ngozi nyeusi ya plastiki. Si ngozi ile, ni alumini iliyochakaa kwa jua na chumvi ya bahari. Ndege anatua juu yake salama kwa sababu hagusi ardhi wala waya wa pili. Kijana anayesimamisha hema kwa bomba la chuma la mita sita yeye anagusa ardhi.

Tena huo umeme mkubwa hausubiri uushike. Ukiukaribia vya kutosha, hasa na chuma au kitu chenye maji, unaruka wenyewe. Ndiyo maana chini ya njia kama hizi huachwa mkuza, eneo la wazi lisilojengwa. Na waya haukai mahali pamoja. Mchana wa jua kali, ukiwa umebeba mzigo mkubwa, unatanuka na kulegea. Upepo wa kusi ukivuma unayumba. Kipimo alichochukua mtu asubuhi ya ubaridi sicho kitakachokuwepo saa nane mchana wa Januari.

Sasa chini ya nyaya hizo kuna nini? Kuna gurudumu kubwa, ambalo kiti chake cha juu kikifika kileleni kinapishana na waya wa pembeni kwa mita sita au saba kwa macho yangu. Mwekezaji alisema kwenye kikao cha mtaa kwamba mita sita ni nyingi. Ni nyingi kwa mtu aliyekaa na mikono mapajani. Mtoto wa miaka tisa aliyefika juu kabisa ya mji kwa mara ya kwanza maishani hakai hivyo. Anapunga mkono, ana kijiti cha kupigia picha, ana bendera ya timu yake, na ana puto.

Hilo la puto naomba tulitazame vizuri, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi. Getini pale wanauza yale maputo ya kung'aa, yenye sura ya samaki na moyo. Kule kung'aa ni ngozi nyembamba ya madini, na madini yanapitisha umeme. Likiponyoka mkononi likapanda, likalala kati ya nyaya mbili, ni kama mtu ameziunganisha kwa makusudi: mlipuko, cheche, na pengine waya kukatika. Si hadithi ya kutishia watoto. Jimbo la California kule Marekani lina sheria tangu 1990 inayotaka maputo ya namna hiyo yafungwe kizito yasiruke, kwa sababu yalikuwa yanakata umeme wa watu. Hapa kwetu yanauzwa chini ya waya wenyewe, kwa shilingi elfu tatu, na muuzaji anafunga uzi kwenye kidole cha mtoto.

Waya ukikatika ukadondoka, wengi wanadhani umeme unajikata wenyewe. Wakati mwingine ndiyo. Lakini ukiangukia mchanga mkavu, lami au zege, umeme unaovuja ardhini unaweza kuwa mdogo mno kuikata fyuzi ya kule mbali. Waya unalala kimya chini, hautoi hata cheche, na una umeme wote. Ardhi inayouzunguka nayo ina umeme, na tofauti kati ya mguu wako wa mbele na wa nyuma inatosha kukuangusha. Waambieni watoto, leo leo: waya ukiwa chini, kaa mbali mita kumi au zaidi. Ukijikuta karibu, unganisha miguu, sogea kwa kuiburuza kidogo kidogo, usipige hatua ndefu wala kukimbia. Usimvute aliyenaswa. Mjulishe wa umeme kwanza.

Tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala pale Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika asubuhi ukaangukia sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yamejaa. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wachuuzi waliokuwa wamekaa na bidhaa zao. Soko lilikuwa limekua pale pale penye nyaya, siku baada ya siku, huku kila mwenye mamlaka akipita na kuona. Baada ya msiba ndipo serikali ikatangaza soko lihamishwe. Wale kina mama wanafanana na wanaouza mihogo na ubuyu nje ya geti la mabembea. Tofauti ni kwamba wetu bado wapo na tunaweza kuwasemea.

Hadi hapo mtu atasema: basi Katibu unakubali, nyaya zihamishwe! Ndugu zangu, ninakubali kabisa. Zihamishwe, au mabembea ndiyo yahamishwe. Ninachokataa ni mahali zinapopelekwa na mfuko unaolipa.

Mchoro tulioonyeshwa unazitoa nyaya juu ya gurudumu na kuziingiza kwenye uchochoro wa Shina Namba 4. Wanaokaa huko wanaujua upana wake. Bajaji mbili hazipishani. Nguzo zitasimama kwenye vibaraza, na nyaya zitapita juu ya mapaa ya bati, na mafundi wa huko wana desturi ya kuacha nondo zimechomoza juu kusubiri ghorofa ya mwakani. Yaani hatari ambayo mtoto wa mgeni anakutana nayo Jumapili moja kwa dakika tano, mtoto wa Shina Namba 4 ataishi nayo usiku na mchana. Hiyo si kuondoa hatari. Ni kuihamisha kutoka kwa wanaolipa kiingilio kuipeleka kwa wasiolipa.

Na kuna njia nyingine. Barabara ya nyuma ya bustani, kati ya ukuta wake na mtaro, ina nafasi ya kutosha na haina nyumba. Nilipouliza kwa nini mchoro haupiti huko, jibu lilikuwa kwamba mwekezaji amepanga kujenga huko maegesho ya magari. Maegesho!

Sasa tuje kwenye hesabu. Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya umeme, lakini namba za umeme zinajumlishwa kama namba nyingine zote.

Kiwanja kile ni mali ya halmashauri. Zamani kilikuwa kiwanja cha mpira, wengi wetu tumecheza pale. Mkataba wa kukodisha ulisomwa kwenye kikao cha mtaa, na waliokuwepo walisikia: kodi imewekwa nusu ya kodi ya viwanja jirani, "kwa kuwa eneo lina njia ya umeme". Rudia maneno hayo. Mwekezaji amepunguziwa bei kwa sababu ya waya. Waya ndio punguzo lake. Kila mwezi analipa nusu kwa sababu sehemu ya eneo haifai kujengwa wala kukaliwa na watu. Amekwenda akaweka magurudumu na watoto kwenye sehemu hiyo hiyo isiyofaa, akapata eneo zima kwa bei ya nusu. Na sasa anataka waya uondoke kwa mchango wetu, huku mkataba wa nusu bei ukibaki ulivyo. Nimetafuta kwenye vitabu vyote nilivyosoma jina la muamala wa namna hii. Mtaani jina lake linajulikana.

Gharama ya kuhamisha tuliambiwa ni milioni 18. Hatukuonyeshwa karatasi, ila tuichukue hivyo. Mimi na mweka hazina wetu tulikaa kwenye kibanda cha kahawa mkabala na geti Jumapili moja ya kawaida, si sikukuu, tukahesabu walioingia tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Walikuwa 640. Kiingilio ni 5,000, hivyo ni milioni 3 na laki 2 getini tu, kabla ya bembea hata moja kulipiwa, kabla ya soda na chipsi. Jumapili sita zinalipa nyaya zote na chenji inabaki. Najua mapato si faida. Somo hilo nimelifanyia mtihani. Ana mishahara, ana kodi, ana mkopo labda. Lakini mtu mwenye geti la namna hiyo hawezi kusimama mbele ya mama anayeuza vitumbua akamwambia achangie nguzo.

Hapo bado sijagusa umeme wenyewe anaoutumia. Hili ndilo linalowauma wengi wenu, na ujumbe wa "umeme umeshuka tena" humu kwenye kundi siku za Jumamosi na Jumapili ninazo nyingi kuliko za harusi.

Bustani imeunganishwa kwenye transfoma ya mtaa. Ni ile ile ya kVA 100 tuliyoipata kabla mabembea hayajafika, kwa ajili ya nyumba kama 80. Kijana wetu mmoja ni fundi umeme na aliwahi kufanya kibarua pale. Alisoma vibati vya mota moja moja. Gurudumu kilowati 11. Jahazi la kubembea 22. Magari ya kugongana 10. Mapulizio ya majumba ya upepo 6. Pampu ya bwawa 7.5. Taa na muziki 8. Majokofu na majiko ya chipsi 9. Jumla kilowati 73.5. Mota hazitumii umeme kwa ukamilifu kama pasi, hivyo kwa transfoma mzigo huo unafika kama kVA 92. Zinabaki 8. Gawanya kwa nyumba 80, kila nyumba inabaki na kama wati 100: taa mbili tatu, chaja ya simu na feni ndogo. Friji halimo, pasi haimo, mashine ya saluni haimo.

Mtu wa mwekezaji atajibu kwamba vyote haviwaki kwa wakati mmoja. Ni kweli, na nampa haki yake. Lakini mota kubwa inapoanza kuzunguka, kama haina kifaa cha kuianzisha taratibu, inavuta mara tano hadi saba ya inachokula ikishazoea mwendo. Ndiyo maana taa zenu zinafifia kila jahazi linapoanza kubembea, kisha zinarudi, kisha zinafifia. Fundi alipima nyumbani kwa mjumbe wa Shina Namba 2: Jumamosi saa moja jioni, volti 168, saa nne usiku, mabembea yakishafungwa, volti 226. Friji inayofanya kazi kwenye volti 168 inaunguza mota yake polepole. Mwanachama wetu mwenye duka la samaki amebadilisha kompresa mara mbili mwaka huu. Hizo pesa hazikuandikwa kwenye gharama za mtu yeyote wa mabembea.

Na tusidanganywe kwamba nchi haina umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Umeme unazalishwa. Unapokwama ni hapa kwenye nguzo ya mwisho, kwenye transfoma ya kVA 100 iliyobebeshwa mzigo wa watu wawili. Mteja wa umeme mkubwa hujitegemea transfoma yake. Huyu amejishika kwenye yetu.

Ana jenereta pia. Umeme ukikatika mabembea yananguruma baada ya dakika moja au mbili. Dakika hizo mbili ni nyingi kwa mtoto aliye ndani ya jumba la upepo, maana pulizio likizima jumba linaanza kumlalia. Na fundi wetu anasema hakuona swichi ya kubadilishia, ile inayotenga jenereta na nyaya za nje. Kama kweli haipo, hatari ni hii: umeme wa jenereta unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye transfoma, ukapandishwa, ukatoka upande wa pili ukiwa umeme mkubwa. Kule juu ya nguzo kuna kijana wa umeme anayeamini njia imezimwa. Huyo naye ana mama yake.

Wapo watakaosema Katibu anatia chumvi, mabembea yapo dunia nzima. Yapo, na yamewahi kuua. Mwaka 2017 mwezi Juni, kwenye bustani ya maji huko Akyazı, Uturuki, umeme uliingia kwenye bwawa la kuogelea. Watu watano walikufa, wakiwemo watoto, na wakiwemo waliojitupa majini kuwaokoa. Zamani zaidi, kule Coney Island, New York, palikuwa na bustani iliyoitwa Dreamland, iliyofunguliwa 1904 na kujisifu kwa taa milioni moja. Usiku wa kuamkia 27 Mei 1911 mafundi walikuwa wakitengeneza sehemu moja ya mchezo kabla ya kufungua msimu, taa zikaharibika, wakabaki gizani na ndoo ya lami ya moto. Ndoo ikamwagika. Asubuhi bustani yote ilikuwa majivu, na haikujengwa tena. Yetu ina pampu ndani ya maji na ekstensheni zilizofungwa kwa mfuko wa rambo. Nimeziona mwenyewe nyuma ya magari ya kugongana.

Sasa wale wenye hoja ya ajira. Hoja hii naiheshimu. Vijana 14 wanafanya kazi pale, tisa ni wa mtaa huu, na wanne ni wanachama wetu. Sitaki hata mmoja arudi kijiweni. Sitaki bustani ifungwe milele. Watoto wa mtaa huu hawana pa kuchezea tangu kiwanja kilipochukuliwa, na wangu wananidai niwapeleke kila mwisho wa mwezi. Lakini wanaosimamisha hema kwa mabomba ya chuma chini ya kilovolti 33 ni vijana hao hao tisa. Wanaounga ekstensheni kwenye maji ni wao. Anayetetea ajira zao aanze kwa kuwatetea wao wenyewe. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kuna OSHA wenye kazi ya kukagua. Kuna EWURA wanaotoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja. Tuombe kwa maandishi kuonyeshwa cheti cha ukaguzi na leseni ya aliyefunga umeme ule. Kama vipo, kuvionyesha ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu uchochoro: Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka kwenye misingi yake kwamba anayeguswa ardhi yake kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Hapo hata umma haupo, ni manufaa ya geti moja. Mkisaini fomu ya kuridhia Jumapili, mtakuwa mmeitoa haki hiyo bure, kwa kalamu yenu. Ndiyo maana wanataka mahudhurio yawe na saini na si orodha ya majina tu. Wazee wa Shina Namba 4, msisaini karatasi yoyote ambayo hamjasomewa mpaka mwisho na mtu wenu.

Nafika sehemu ngumu.

Diwani ni wetu. Tulimpigia kura, tulimzungusha mtaani juani, mimi mwenyewe nilibeba spika. Amesema hadharani kwamba anaunga mkono mchoro huo kwa sababu "mwekezaji ni rafiki wa kata". Mheshimiwa, kwa heshima zote, tunakwambia sisi kabla hujaambiwa na wapinzani wako kwenye sanduku: rafiki wa kata hapandishi umeme mkubwa juu ya kitanda cha mpiga kura wako. Bado una siku za kubadili msimamo na hakuna atakayekucheka. Simu yangu unayo.

Na tiketi. Wiki mbili zilizopita ziliwasili ofisi ya tawi tiketi 60 za bure, kwenye bahasha, "kwa ajili ya familia za wanachama". Siku tatu baadaye ikaja barua ya kuomba tamko. Sikuzisaini kupokea, lakini nimekuta kwenye kumbukumbu kwamba 41 zimeshagawiwa. Tiketi 60 kwa 5,000 ni laki 3. Hiyo ndiyo bei tuliyopangiwa, ndugu zangu, tawi zima, lenye wanachama hai zaidi ya 200. Haifiki elfu moja na mia tano kwa kichwa. Mchuuzi wa karanga angepandisha kidogo.

Simlaumu mzazi aliyepokea tiketi akampeleka mtoto. Alipewa na ofisi yake, aliamini ni neema. Lakini ambazo bado hazijatumika zirudi, na zirudi kwa hesabu. Mweka hazina atazipokea kwa risiti, atazihesabu mbele ya mashahidi wawili, na zitapelekwa zilikotoka kwa barua yenye idadi.

Ninachopendekeza Kamati ya Utendaji ipitishe, na nitakipeleka kama hoja yangu hata kama Mwenyekiti hatakubaliana nami (tumezungumza jana usiku, hakubaliani, na tumeachana kwa amani), ni hiki. Gurudumu kubwa na hema la pembeni yake visitumike tangu sasa mpaka nyaya ziwe zimeondoka juu yake. Maputo ya kung'aa yasiuzwe pale hata moja. Njia mpya ipite barabara ya nyuma, maegesho yatafute kwingine. Gharama yote ni ya mwekezaji, au halmashauri ikimsaidia basi imtoze kodi kamili kama jirani zake tangu siku nyaya zinapotoka. Anunue transfoma yake, atuachie yetu. Na tamko la tawi la kuunga mkono lisitoke. Kamati ikiona vingine, nitaandika muhtasari kama ulivyoamuliwa, na nitabaki na haki yangu ya kusema kwenye mkutano wa mtaa kama mkazi.

Kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa huduma zinazosimamiwa na EWURA, na malalamiko ya umeme mdogo yana mlango wake. Kwa hiyo naomba kila mwenye kifaa kilichoungua aandike: jina, namba ya mita ya LUKU, kifaa, tarehe, fundi alimlipa kiasi gani, na risiti kama ipo. Asiye na risiti aandike jina la fundi. Tusipeleke kelele, tupeleke jedwali. Jedwali nitalitengeneza mimi.

Kikao cha Kamati ni Jumamosi saa kumi jioni, ofisi ya tawi, na wanachama wa kawaida wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wajumbe wa Shina Namba 4 na 5 waje na orodha ya nyumba zilizo kwenye uchochoro, wenye nyumba na wapangaji. Fundi wetu atakuja na kipimo chake. Mweka hazina atakuwa ofisini kuanzia saa nane kupokea tiketi. Tafadhali zisikunjwe, namba zake zisomeke.

Katibu wa Tawi
(Msambazieni mwanachama asiye na simu ya intaneti kwa kumsomea. Usikate aya.)